Pikapu ya Suma na Ngozi Yake ya Faiba

Siku mliyoniaga nilipostaafu, mafundi wangu, mlisoma risala nzuri. Mliandika kwamba mimi, Bupe, ni mfano wa fundi aliyekubali mabadiliko ya teknolojia. Sikusema kitu kwa sababu nilikuwa na keki mdomoni. Sasa nimemaliza kutafuna, naomba kusahihisha. Sikukubali kitu chochote. Kilichotokea pale gereji yetu ya Msasani, hapa hapa Tukuyu, kilikuwa ugomvi, tena ugomvi wa hadharani, na ulihusu gari moja. Vijana wa mjini bado wanasimuliana kuhusu mama mmoja wa Tukuyu aliyetengeneza gari la plastiki likapasuka sokoni. Mama huyo ni mimi, na ni kweli lilipasuka. Nitaeleza lilivyopasuka, na nitaeleza kwa nini sijutii kulitengeneza.

Mambo ya vyeo mliyoyataja nayaacha. Gereji kwetu ilikuwa na vyeo viwili tu, mwenye gereji na wengine wote.

Nilianza kazi nikiwa binti wa kupiga msasa. Nilishuka asubuhi kutoka Kawetele na ukungu wangu begani, nikamkuta Mzee Anyosisye, mwenye gereji, amelala chini ya lori. Huyo ndiye aliyekuwa fundi wa kunyoosha bodi katika mji huu. Nyundo alijifunza katika karakana ya shamba la chai, na alikuwa akimsalimia mteja baada ya kulisalimia gari. Hakunitaka. Alisema kazi ya bodi si ya mwanamke, ila kusugua pati ya kuziba mabonyeo labda naweza, maana wanawake wana subira. Akanipa mlango na kipande cha msasa, akaniambia nisugue mpaka kiganja kisione kitu.

Nilisugua kutwa nzima. Jioni ngozi ya vidole ilikuwa imeisha, na kesho yake nilishindwa kukata tonge la ugali. Mzee alikuja, akafumba macho, akapitisha kiganja juu ya mlango taratibu. Akasema, "Bado." Neno hilo nililisikia kila siku kwa miaka, na kuna siku nilitamani kumrushia ndoo ya maji ya msasa. Lakini alikuwa sahihi. Jicho linadanganywa na mwanga. Kiganja chenye macho yaliyofumbwa hakidanganywi. Nyinyi mnaopenda kupiga picha kazi zenu kwa simu kabla hamjazigusa, lizingatieni hilo.

Nyundo niliiiba. Mafundi wakienda kula, mimi nilibaki na kibati kibovu nikijaribu kukinyoosha. Siku moja Mzee alirudi mapema akanikuta. Nikajua leo nafukuzwa. Alichofanya ni kuligeuza dole katika mkono wangu wa kushoto, kile kipande cha chuma kizito unachokishika nyuma ya bati ili nyundo ipate pa kutua, akasema nilikuwa nimelishika kama kipande cha sabuni. Halafu akaenda kunawa. Kuanzia siku hiyo nilikuwa fundi, ingawa hakuna mtu aliyetangaza.

Sasa kuhusu kutu. Wageni wanaisifu mvua ya Tukuyu kwa sababu inaotesha chai, ndizi na parachichi. Inaotesha na kutu. Kutu haiingii kwa mbele ukaiona. Inaanzia ndani, kwenye mikunjo ya bati ambako tope limekaa na halikauki, na siku rangi inapotoa kivimbe kama punje ya haragwe, ujue ndani kumekwisha. Unabonyeza kwa kidole, kidole kinazama. Tulikuwa tunakata, tunachomelea kiraka, tunapaka pati, tunapaka rangi. Baada ya masika mawili gari linarudi na kivimbe pembeni ya kiraka. Kuna mlango mmoja niliuchomelea mara nne kwa mtu yuleyule. Mara ya nne haukuwa mlango tena, vilikuwa ni viraka vilivyoshikana mikono. Mwenye gari aliniambia ndaga fijo, asante sana, na mimi niliona aibu kupokea shukrani yake. Nilikuwa nimeanza kuichukia kazi yangu, na nilikuwa naijua vizuri, jambo ambalo linaumiza zaidi.

Wakati huo Mzee alinituma Mbeya kwa wiki mbili kumsaidia fundi rafiki yake aliyekuwa na kazi nyingi za mabasi. Aliitwa Fundi Saidi, mtu mpole, mwenye ndevu zilizojaa vumbi jeupe. Nilidhani ninakwenda kunyoosha. Nikamkuta anatandika kitambaa cha nyuzi nyeupe za faiba ndani ya kalibu, lile umbo la kufinyangia, anakipaka dawa nzito kama asali aliyoichanganya na hadena ili igande, anatandika kingine juu yake, anapaka tena. Kesho yake akagonga kalibu pembeni, ikatoka bampa nzima ya basi. Akaniambia niinyanyue. Niliinyanyua kwa mkono mmoja, na nilisimama pale nikiwa nimeishikilia, nikiwaza milango yote niliyoiweka viraka.

Saidi alinifundisha mengi, nitataja moja tu. Alisema tabaka likishakauka kabisa usiweke lingine juu yake mpaka ulikwaruze kwa msasa, ule mng'ao wote uishe, maana faiba haishiki juu ya kioo. Nilimwambia nimeelewa. Nilikuwa nimeelewa.

Ndipo ikaja pikapu ya Mama Lusajo.

Mama Lusajo ni mjane wa kijiji cha Suma. Marehemu mumewe alimwachia pikapu ya kizamani, ya kebini moja, iliyotengenezwa kabla wengi wenu hamjazaliwa, na badala ya kutafuta dereva akajifunza kuiendesha mwenyewe. Ilibeba ndizi za majirani kuja sokoni Tukuyu, ilibeba madumu ya maziwa, na kwenye misiba ilibeba kila kitu: kuni, masufuria, wageni na marehemu mwenyewe. Suma mtu akifariki, swali la pili lilikuwa kama pikapu ya Mama Lusajo inawaka.

Ilifika gerejini imefungwa kamba. Mkaguzi wa magari alikuwa ameitoa barabarani. Chesisi ilikuwa nzima, injini nzima, lakini fenda zilipepea, milango haikuwa na chini, boneti ilishikwa na kamba ya katani, na mbao za pembeni za bodi, ambazo kwenye gari hilo zilikuwa za bati, zingeweza kumkata mtu mguu. Mkaguzi alisema isionekane barabarani mpaka iwe na mwili wa gari. Hapo akaingia shemeji wa mama, Asajile, mdogo wa marehemu. Yeye alishazungumza na wanunuzi wa vyuma chakavu, na alisema mbele ya ukoo kwamba gari liuzwe kwa kilo kabla halijaisha kabisa. Ukoo ukampa Mama Lusajo mpaka mwisho wa mwezi. Pikapu ikirudi barabarani ibaki, isiporudi iende kwenye mizani.

Mzee Anyosisye alilizunguka gari mara mbili. Mabati mapya ya gari lile hayakuwepo popote, na kuyagonga yote kutoka bati tambarare kungechukua zaidi ya mwezi, kisha mvua iyale tena. Alimwambia mama ukweli, kwa heshima, kwamba auze. Mama Lusajo alichukua ncha ya kanga yake akaanza kufuta kioo cha mbele, ambacho hakikuwa kichafu. Sikuweza kumtazama akifuta kioo kile. Nikasema, kwa sauti iliyowafikia wote, kwamba tutaivisha faiba.

"Hapa kwangu hatutengenezi ndoo," Mzee alisema.

"Ndoo haiozi, Mzee."

Hakuna aliyekuwa amewahi kumjibu hivyo. Mzee akatoa masharti yake. Nifanyie kazi hiyo banda la nyuma, nisimchukue fundi yeyote wa mbele, na kazi hiyo ikimwaibisha barabarani niweke nyundo chini niende zangu Kawetele nikalime viazi. Nikasema sawa. Msiniite jasiri. Nilikuwa nimechoka na viraka, na mtu aliyechoka husema sawa haraka.

Jambo la kwanza lilikuwa kujua ipi ni ngozi na ipi ni mifupa, na hapo wengi wenu bado mnakosea. Chesisi, sakafu, nguzo za kebini, mahali pa kufungia viti, bawaba na chuma cha ndani ya milango, vyote nilivibakiza. Hivyo ndivyo vinavyomlinda mtu siku ya ajali, na anayevibadilisha kwa faiba ili gari liwe jepesi ni muuaji mwenye leso nzuri. Nilibadilisha boneti, fenda mbili, ngozi ya nje ya milango na mbao za pembeni, basi.

Kila bati bovu nililijaza pati kwanza, nikalisugua mpaka likarudi kwenye umbo lake la ujana, ndipo nikalitolea kalibu. Kalibu haina huruma. Ukiacha kibonyeo, inakuzalia kibonyeo. Ili faiba isigandame nilihitaji nta, na nta niliyoipata ni ile ya kung'arishia sakafu. Nilinunua makopo mengi mpaka mwenye duka akanipongeza, akidhani nimechaguliwa kusimamia usafi wa kanisa. Nilipaka, nikafuta, nikapaka tena, mara saba kwa kila kalibu.

Baridi ilinitesa kuliko Mzee. Dawa ile inataka joto ili igande, na Tukuyu ukungu unaingia bandani bila hodi. Ukizidisha hadena, inachemka na kupasuka. Moto hauruhusiwi karibu, dawa inawaka kama petroli. Basi nilikuwa napasha mawe nje, mbali, nayaingiza kwa karai na kuyapanga chini ya meza. Yalifaa. Jambo lingine, puani nilijifunga kitambaa cha kanga. Ulikuwa ujinga, na kifua changu kinanikumbusha kila nipandapo ngazi. Zile barakoa zenye vichujio mlizoning'iniza ukutani zimewekwa kwa ajili ya pua, zivaeni.

Mpaka siku sita kabla mwezi haujaisha vyote vilikuwa tayari isipokuwa boneti. Asubuhi nikatandika matabaka mawili ya mwanzo, yakakaa vizuri. Saa sita ikaja habari kwamba Bibi Tumpe, jirani yetu wa Kawetele, amefariki. Mnajua msiba wetu ulivyo. Si jambo la kwenda kutoa pole na kurudi. Gereji ilifungwa, wanaume wakaenda kuchimba kaburi na kupasua kuni, sisi wanawake tukalala pale pale kwenye mikeka, tukimenya ndizi na kumlilia. Mwanamke anayeondoka msibani kwa sababu ana kazi mjini, siku ya kwake atajizika mwenyewe. Nilikaa siku nne. Sikuona kosa lolote kwa hilo, na leo pia silioni.

Kosa lilikuja niliporudi. Boneti ilikuwa imekauka ngumu, inang'aa, na juu yake kuna unyevu na vumbi la siku nne. Nilijua inataka msasa, kila sehemu, kila kona, na kwamba kazi hiyo ingekula nusu siku. Zilikuwa zimebaki siku mbili. Mzee alipita mlangoni akauliza, "Bado?" Mimi niliyeanza maisha kwa kupiga msasa nilichukua kitambaa, nikaifuta boneti, nikatandika matabaka mawili ya juu. Sikusahau alichonifundisha Saidi, na sikumwelewa vibaya. Nilijua, nikafanya, kwa sababu nilitaka kumjibu Mzee kwamba tayari.

Ilipendeza sana. Niliipaka rangi ile ile ya bluu ya zamani, nikaifunga kwa bolti zenye vibati vipana na raba, kila kitu kikakaa mahali pake. Nikawasha taa mbele ya mafundi wote. Hazikuwaka. Si kubwa, si ndogo, si za kuashiria. Ilinichukua muda kugundua kwamba umeme wa taa ulikuwa ukirudi kupitia bati la fenda, na faiba haipitishi umeme. Nilivuta waya wa arthi kutoka kila taa mpaka kwenye chesisi, nusu siku ikaisha. Mzee alicheka mpaka akatafuta pa kukaa, na mimi nilimwacha acheke kwa kuwa nilidhani aibu yangu yote imekwisha pale.

Kesho yake, mkaguzi akiwa anasubiriwa siku inayofuata, Mama Lusajo alisema hawezi kupeleka kwenye ukaguzi gari ambalo halijapanda mlima wake. Akashuka nayo Suma alfajiri, akapakia ndizi, akapandisha. Kile kilima chenye utelezi ambacho watu walizoea kushuka na kusukuma, siku hiyo hakuna aliyeshuka. Gari lilikuwa limepungua uzito, na injini ile kuukuu ililipandisha na mikungu yote. Akaingia sokoni akipiga honi kama harusi.

Injini ilikuwa imechemka kwa ule mlima. Joto likaipata boneti kwa chini. Wanasema ilianza kuvimba katikati, kama chapati kwenye kikaango, kisha mlio, na tabaka la juu likabanduka kutoka mbele mpaka kwenye kioo. Wauza parachichi walikimbia. Nilipofika, nikiwa natweta na ovaroli, nyundo mfukoni, nilimkuta Asajile tayari yuko kwenye simu anamwelekeza mnunuzi wa vyuma chakavu njia ya kufika. Mzee Anyosisye naye alikuwepo. Watu wamejaa kama mnada.

"Gwe Bupe," Mzee alisema kwa upole, na upole wake ndio ulioniuma. "Tulikubaliana. Weka nyundo chini."

"Siweki."

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nililishika lile tabaka lililobanduka, nikaligeuza mbele ya umati, nikamwonyesha Mzee upande wa ndani. Ulikuwa unang'aa, laini, kama siku ulipokauka. Nikamwambia asiitukane faiba, fenda zipo, milango ipo, azigonge na nyundo yake mwenyewe kama zitabonyea. Kilichoshindwa pale ni mimi. "Papasa hapa, Mzee. Hapa palitakiwa pawe na mikwaruzo ya msasa."

Mzee aliinama. Akafumba macho, sokoni, katikati ya mikungu ya ndizi, akapitisha kiganja. Nadhani umati ulifikiri anaomba.

"Tabaka la kwanza uliweka lini?"

"Siku aliyofariki Bibi Tumpe."

"Na la juu?"

"Tuliporudi kutoka kuzika."

Alifumbua macho. "Kwa nini hukusema?"

"Ungeniambia nisiende msibani?"

"Ningekuambia upige msasa," alisema.

Nimeaibishwa mara nyingi katika maisha yangu, lakini sijawahi kuaibishwa kwa maneno machache vile. Nilisimama na kile kipande mkononi, machozi yakanitoka, sikuyafuta.

Asajile alitangaza kwamba mnunuzi yuko njiani. Hapo Mama Lusajo, ambaye muda wote alikuwa ameketi kwenye usukani, akashuka. Hakupandisha sauti.

"Shemeji, leo tumepanda kile kilima na mzigo wote. Ulisukuma wewe?"

Asajile alisema hakuwepo.

"Hakuna aliyesukuma. Mwezi bado una leo na kesho. Mwambie mtu wako arudi."

Akafungua bolti za boneti mwenyewe kwa spana yake, akaitupa juu ya ndizi, akaendesha gari mpaka gerejini injini ikiwa uchi, mimi nikiwa nimekaa pembeni yake. Njiani aliniambia jambo moja tu, kwamba na yeye alikuwa kwenye ule msiba, alinikuta nimelala mkekani, na siku zile nne hanilaumu.

Boneti ya pili niliitengeneza kwa siku ile na usiku wake na asubuhi iliyofuata. Mzee alileta kigoda akakaa mlangoni mwa banda la nyuma, mikono ameikunja, hagusi kitu. Tabaka la pili lilipokauka aliinuka, akaniletea msasa, akarudi kukaa. Hiyo ndiyo ilikuwa idhini yake yote. Nilisugua mpaka vidole vikakumbuka siku ya kwanza. Kisha akaja, akafumba macho, akapitisha kiganja, na mimi nikasubiri ile "bado". Hakusema kitu. Akaenda kunawa.

Mkaguzi aligonga fenda kwa kidole, akashtuka kwa mlio. Akatoa kisumaku mfukoni, kikaanguka. Akaniuliza hii ni nini, nikamwambia ni mwili wa gari, alichokitaka. Alikagua breki, taa, chesisi, bawaba, akapitisha mkono kwenye kingo zote akitafuta pa kukatwa. Hakupapata. Akasaini huku akitikisa kichwa. Asajile ndiye aliyekuwa wa kwanza kuiomba pikapu ile alipomwoza bintiye, na Mama Lusajo alimpa, bila maneno, jambo ambalo mimi nisingeliweza.

Mzee Anyosisye hakuwahi kukubali. Watu walianza kuleta magari yao, fenda, milango, hata paa la bajaji, naye aliwaonyesha banda la nyuma kwa kidevu na kusema nendeni kwa wauza ndoo. Banda hilo lilikua mpaka likawa kubwa kuliko la mbele. Nililipenda jina hilo la wauza ndoo na nililibandika mlangoni. Alipofariki ilikuwa masika, na gari pekee lililoweza kufika nyumbani kwake na kutoka lilikuwa pikapu ya Suma. Jeneza lake lilipanda katikati ya faiba yangu. Sikupanga iwe hivyo, na nisingethubutu kumcheka. Nilimlilia kuliko nilivyomlilia mtu yeyote nje ya ukoo wangu. Alikufa bado tunabishana, na ningetoa vingi nipate asubuhi moja ya kubishana naye tena.

Namalizia na kazi yangu ya mwisho, wengi mlikuwepo. Mwaka jana pikapu ilirudi ikivutwa. Haikuwa ngozi. Chesisi, ile mifupa ya chuma niliyoiheshimu kuliko vyote, ilikuwa imeoza ikavunjika nyuma ya kebini. Fenda nzima, milango mizima, boneti nzima. Asajile, mzee sasa, alikuja nayo, na mnunuzi wa vyuma chakavu alikuja na mizani yake, na wote wawili waliniuliza kama nimeridhika sasa. Nikawaambia bado. Tulitafuta chesisi nyingine ya aina ileile, Mama Lusajo akaenda Mbeya mara tatu kufuatilia kibali cha kuibadilisha, akiwa na miaka zaidi ya sabini na fimbo mkononi, mpaka karatasi zikatoka.

Siku ya kubadilisha, wanaume wanne waliibeba ile chesisi iliyooza kuipeleka kwenye mizani. Walipumzika mara mbili uwanjani, wakihema, kutu ikiwamwagikia miguuni. Boneti nilikuwa nimeilaza nje, na mvua ikaanza. Nikatafuta mwanamume wa kunisaidia kuiingiza ndani, nikaona wote wamebanwa na chuma chao. Mama Lusajo alinitazama, kisha akamkabidhi shemeji yake fimbo. "Shika," alimwambia. Akainama upande mmoja, mimi upande mwingine, tukaiweka kichwani kama tulivyobeba kuni tangu tukiwa wasichana. Tukavuka uwanja mzima kwenye mvua, wazee wawili wenye magoti mabovu, tukawapita wale wanne, na hatukupumzika njiani.